Mkurugenzi Aliyefua Kadi

Kwetu mtu akishafariki hasemwi vibaya, ndiyo maana naandika sasa, angali hai na macho yake bado yanasoma. Nikisubiri msiba nitapewa kipaza sauti, nitasema alikuwa baba wa wote, nitalia, na watu watanishika mkono kunirudisha kwenye kiti. Sitaki. Nimehariri picha za misiba mingi sana katika maisha yangu, najua mtu anavyosafishwa kwa dakika kumi tu, kwaya ikiimba nyuma.

Tulimwita Mkurugenzi. Hata mke wake alimwita hivyo mbele za watu: "Mkurugenzi, chai imepoa." Jina lake lilikuwa kwenye leseni iliyotundikwa ukutani pale mapokezi, na sitalitaja. Wa Kahama wanalijua, na asiyelijua halitamsaidia kitu. Nilimfanyia kazi miaka kumi na saba. Nilianza kwa kubeba taa, nikapewa kamera, mwisho nikawa mhariri wa picha. Kila ninachokijua kuhusu kazi hii nilifundishwa na yeye, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Ukimwona mara ya kwanza usingedhani ni mtu wa televisheni. Mfupi, tumbo mbele, suti ya kijivu hata jua liwe kali vipi, na chini miguu mitupu. Ndiyo, mitupu. Studio ilikuwa ghorofa ya juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na vumbi la Kahama mnalijua, linaingia hata kwenye chumvi. Aliamini vumbi ndilo adui wa mashine, kwa hiyo kila mtu alivua viatu mlangoni. Alikuja mheshimiwa mmoja na walinzi wake, wakagoma kuvua. Mkurugenzi akasimama mlangoni, akasema, "Basi tutawahoji hapa kwenye ngazi." Wakavua. Mheshimiwa soksi yake moja ilikuwa imetoboka kidole, na Mkurugenzi alicheka wiki nzima, ila alimwambia mpiga picha asishushe kamera chini ya kifua.

Huyo ndiye mtu niliyempenda. Siwezi kusema uongo, nilimpenda kama mtoto anavyompenda baba mkali.

Kazi yake aliianza na banda la video karibu na soko: mabenchi, pazia jeusi, televisheni moja yenye mgongo. Filamu za Kihindi alikuwa anawafafanulia watazamaji kwa Kisukuma huku zikiendelea, maneno yote ya kutunga, maana Kihindi hakukijua hata salamu. Wazee wa mjini bado wanasimulia. Kuna filamu aliyoibadilisha mwisho kabisa. Mzee aliyekuwa anakufa kwenye picha, yeye akasema amelala, amechoka na safari. Watu wakatoka wamefurahi. Nilipoisikia hadithi hiyo mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika mbavu. Siku hizi siicheki.

Baada ya banda akaingia kwenye harusi, baada ya harusi akavuta kebo. Alipanda nguzo mwenyewe, nyaya begani, nyumba kwa nyumba. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye lile duka la vifaa vya ujenzi, alimpa ile ghorofa ya juu kwa sharti moja, kwamba mechi za kriketi zisikatike kamwe. Hazikukatika. Umeme ukienda, jenereta iliwashwa kwa ajili ya mzee mmoja aliyekaa peke yake anatazama watu wenye nguo nyeupe. Ndani ya ile kebo ndipo alipofungua chaneli yake, saa mbili kwa siku, kisha saa sita, kisha siku nzima. Matangazo ya vifo, salamu za harusi, mahubiri, magulio, taarifa ya habari. Kutoka Ushirombo mpaka Segese mtu akifiwa alikuja kwetu kabla hajaenda kununua sanda.

Kufundisha alijua, jamani. Msomaji wa habari mpya alimpeleka sokoni, kwa akina mama wa dagaa, akamwamuru asome taarifa pale kwa sauti. "Mama akiendelea kupima dagaa," alisema, "ujue hujasoma habari, umepiga kelele." Dada mmoja alisoma mara tatu, akina mama wakapima tu, akarudi analia. Mara ya nne mmoja akauliza, "Eti huyo ng'ombe alikufa wapi?" Mkurugenzi akapiga makofi katikati ya soko. Mimi alinifundisha kutazama picha sauti ikiwa imezimwa. Jioni alisimama mbele ya televisheni ya mapokezi, hakukaa kabisa, sauti sifuri, anatazama midomo. "Huyu anadanganya," ananiambia. "Angalia mabega." Na mara nyingi ilikuwa kweli. Mtu aliyejua uongo kwa mabega! Ndiyo maana sikubali mtu aniambie hakujua alichokuwa anakifanya.

Wala hakuwa mwoga. Kuna kijiji kimoja kilichimbiwa kisima, kikazinduliwa kwa ngoma na vitenge, kikatoa maji siku ile ya uzinduzi tu. Tulikwenda, tukapiga picha akina mama wanateka kwenye dimbwi moja na ng'ombe, kile kisima kikiwa nyuma yao kimepakwa rangi. Tukarusha. Mkurugenzi akaitwa, akawekwa ndani siku mbili. Alipotoka hakwenda nyumbani kuoga, alikuja moja kwa moja ofisini, akavua viatu, akasema, "Irudieni ile ya kisima." Tulishangilia. Mimi nilikwenda chooni kulia kwa fahari. Kwa hiyo nikisema nilimwamini, sikumwamini bure.

Sasa nieleze kufua kadi.

Kadi ni zile ndogo za kamera zinazohifadhi picha. Kwetu zilikuwa chache na zilikuwa mali ya Mkurugenzi kama pete. Ukirudi kutoka kazini, kadi haiwekwi mezani, inawekwa kwenye kiganja chake. Juu yake ulikuwa umebandika kipande cha plasta, umeandika mahali na siku. Yeye aliitazama yote kwanza, peke yake, mlango umefungwa, ndipo anakupa vipande vya kuhariri. Kunakili kadi kabla hajaiona kuliitwa wizi, na mtu mmoja alifukuzwa kwa hilo. Ijumaa asubuhi alikusanya kadi zote za wiki, akazifuta moja moja, plasta akazibandua, akazipanga kwenye kopo la biskuti. Aliita kufua. "Leo nafua," anasema, na hatukumsumbua. Nilishamuuliza kwa nini hatuhifadhi. Akanijibu, "Mtu mwenye kumbukumbu nyingi ana maadui wengi, binti. Mimi nataka ya leo tu." Nikaona ni hekima. Loo.

Wakati huo kulikuwa na tajiri mmoja mwenye duara upande wa Segese. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo, linashuka kwa kamba, kuta zinashikiliwa na magogo wanayoyaita matimba. Tajiri huyo ndiye aliyekuwa anadhamini kipindi chetu cha wachimbaji kila Jumamosi. Alipenda kamera kupita kiasi. Alihojiwa kuhusu dhahabu, kuhusu mpira, kuhusu malezi ya watoto, yeye aliyekuwa na watoto asiowajua majina. Alituzoea kama mtu anavyomzoea mbwa wake, hakuwa na habari kwamba anaweza kuumwa.

Katika duara hilo alikuwa anafanya kazi shemeji yangu Masanja, mume wa mdogo wangu Nyamizi. Masanja alikuwa mtu mpole, mwenye aibu. Akija kwangu anakaa kwenye ukingo wa kiti, anashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja," kwa kila kitu, hata ukimpa maji ya kunawa. Hakuwahi kuokota hata embe la jirani.

Jumatano moja asubuhi duara lilititia. Watu wanne walikuwa chini. Nilifika na kamera kabla hata sijajua Masanja yumo; nilijua pale pale, nilipomwona Nyamizi amekaa chini kwenye udongo, kanga imemwanguka, hana habari. Nilitaka kutupa kamera. Sikuitupa. Mkurugenzi alikuwa amenifundisha kwamba kwenye msiba mpiga picha hulia akimaliza.

Tajiri akaja, amevaa shati jipya. Nakumbuka mikunjo ya dukani ilikuwa bado ipo. Akasimama mbele yangu mwenyewe, bila kuitwa, akasema, "Washa." Nikawasha. Akasema maneno ambayo nayajua kwa moyo mpaka leo: "Fundi aliniambia juzi matimba yameoza. Lakini mawe mazuri yalishaanza kuonekana, ningewatoaje? Niliwaambia washuke, kazi ni kazi. Mungu ndiye mpangaji." Kisha akauliza kama jua lilikuwa linampiga vibaya usoni.

Nilirudi Kahama mchana ule ule, nikaiweka ile kadi kwenye kiganja cha Mkurugenzi. Sikunakili. Shemeji yangu alikuwa bado chini ya udongo, mimi nafuata utaratibu wa ofisi! Nilimwambia, "Mkurugenzi, humu amekiri." Akaniwekea mkono begani. "Pole sana, binti. Nenda kwa mdogo wako."

Jioni ile taarifa ilirushwa. Vilio, kamba, miili imefunikwa mablanketi. Tajiri alionekana kidogo sana, anafuta jasho, na sauti ya msomaji juu yake: "amepoteza ndugu zake." Alhamisi nikaenda ofisini na nguo za msiba, nikaomba kadi.

"Imefuliwa," akasema.

"Leo ni Alhamisi."

"Kadi ziliisha. Kuna ziara ya mkoa, vijana walitaka za kuondoka nazo alfajiri." Hakuniangalia. Nami, niliyefundishwa kutazama mabega, nilitazama mabega yake na hayakusema kitu.

Wiki ya tatu ukakaa mkutano wa maofisa, ndugu wa marehemu na tajiri. Tajiri akasema wale wanne hakuwatuma yeye. Duara lilikuwa limesimamishwa, akasema, wao waliingia kwa kuvizia, kuiba mawe yenye dhahabu. Nyamizi akageuka akanitazama. Nikasimama, nikasema aliyatamka mbele yangu, nilimrekodi.

"Picha iko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Imefutwa."

"Na wewe ni nani kwa marehemu?"

"Ni shemeji yangu."

Watu wakaguna. Kisha ikasomwa barua ya kituo chetu, na sahihi ninayoijua vizuri, kwamba hakuna kumbukumbu ya aina hiyo. Basi, ikaisha. Masanja akawa mwizi wa mawe. Aliyekuwa anasema wabeja kwa maji ya kunawa akazikwa jina lake namna hiyo, na wakwe wakamwambia Nyamizi atafute pa kwenda, maana hawawezi kukaa na aibu. Akaenda Ushetu kulima tumbaku kwenye shamba la watu. Shuleni wanawe waliitwa watoto wa mwizi. Kitu alichokitaka mdogo wangu tangu siku ile kilikuwa kimoja tu: mtu asimame mbele za watu aseme mumewe alitumwa.

Na mimi? Mtauliza, na mna haki. Nilibaki. Miaka sita zaidi nilipanda zile ngazi, nikavua viatu, nikasema shikamoo. Nilikuwa na watoto watatu na sina mume, na Kahama nzima kazi ya picha ilikuwa kwake tu. Nilijiambia pengine alifua kweli. Kadi kweli zilikuwa chache, ziara kweli ilikuwapo. Siku nyingine nilimchukia nikiwa hapo hapo kwenye kinanda cha kompyuta, halafu anapita nyuma yangu, ananiambia, "Hapo kata mapema kidogo, macho yake tayari yameshasema," na ni kweli, na nakata. Mama yangu alipougua ni yeye aliyetoa gari la kituo kumpeleka hospitali ya Bugando. Alikaa naye kiti cha nyuma, amemshikia dripu mpaka Mwanza. Nifanyeje na mtu wa namna hiyo?

Mwishowe watu walihamia kwenye simu. Kebo ikabaki inaning'inia kwenye nguzo, yule mzee wa Kihindi akafariki, wanawe wakataka ghorofa yao. Tuliagana kwa soda. Sikumwona tena Mkurugenzi mpaka mwezi uliopita, mke wake aliponipigia: "Anakuita. Njoo mchana, asubuhi anakuwa amechoka."

Nilimkuta sebuleni. Sukari imemkata mguu wa kushoto juu ya goti. Suti hakuna, amevaa shuka na fulana, amekonda, shingo imekuwa ya mtu mwingine. Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ikanikasirisha.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba, binti. Kaa hapo." Akasubiri mkewe atoke. "Umesikia yule bosi wa Segese amefariki?"

"Nimesikia. Nikala vizuri siku hiyo."

Hakucheka. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa bahasha ndogo, akanipa. Ndani kulikuwa na kadi. Plasta ilikuwa imegeuka rangi ya chai, lakini mwandiko ni wangu: Segese, Jumatano.

Niliigeuza kiganjani. Yeye ndiye aliyeongea, taratibu, sauti ile ile ya kufundisha.

"Ningeirusha, wangekifunga kituo wiki ile ile. Yule alikuwa na watu. Ningeifua, angenisahau. Nikakaa nayo."

"Alijua unayo?"

"Nilimwonyesha mara moja. Alikaa hapo hapo ulipokaa wewe." Akapumua. "Tangu siku hiyo hakuchelewa kutulipia hata mwezi mmoja."

"Kutulipia nani?"

"Sisi. Ninyi. Binti, ulidhani watu kumi na wanne walikuwa wanakula kwa matangazo ya vifo? Kebo ilishakufa zamani. Uliwahi kukosa mshahara baada ya pale? Sema kweli."

Nilisema kweli. Sikuwahi.

"Sasa hayupo," akasema. "Hana wa kumdhuru tena. Mpelekee mdogo wako." Akatabasamu, anangoja, kama mtu aliyekutunzia akiba yako na sasa anakukabidhi. Na mimi, Mungu anisamehe, mdomo ulifunguka wenyewe ukasema asante. Nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya mkewe.

Kesho yake nilikodi pikipiki mpaka Ushetu, kompyuta mgongoni, na mfuko wa sukari, mafuta na vitu vya nyumbani kama ninavyompelekea Nyamizi kila mwisho wa mwezi tangu ahamie kule. Nilimkuta nje ya bani, banda la kukaushia tumbaku, anafunga majani ya tumbaku kwenye vijiti, vidole vyeusi. Mfuko nikauingiza ndani, kompyuta nikaiweka juu ya debe, nikaiwasha. Tajiri akatokea na shati lake jipya, akasema aliyoyasema. Nyamizi alitazama bila kupepesa. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Aliposikia "niliwaambia washuke," akalitamka na yeye, polepole, mara mbili.

"Dada, hii ilikuwa wapi?"

Nilimweleza yote. Kwamba haikufutwa, kwamba Mkurugenzi aliikalia, kwamba tajiri alikuwa anailipia ikae kimya, na kwamba ndiko mshahara wangu ulikokuwa unatoka. Ningeweza kuliacha hilo la mwisho. Nilimwambia kwa sababu nilichoka kuwa mtu wa kukata mapema.

Alifunga majani ya kijiti kizima kabla hajajibu.

"Ile sukari," akasema. "Na mafuta. Na sare za watoto."

"Ndiyo."

"Miaka yote."

"Nyamizi, sikujua."

"Najua hukujua."

Akanawa mikono, akaingia ndani. Akatoka na mfuko wangu, hata hakuwa ameufungua, akaufunga vizuri kwa kamba kwenye kiti cha ile pikipiki iliyonileta. Dereva akanitazama, akatazama pembeni.

"Kadi niachie," mdogo wangu akasema.